Chembe Nyeupe za Damu, na Wajibu wa Kuuliza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa tone dhaifu, akampa mifupa na nyama, akamwendeshea damu mwilini mwake usiku na mchana hali mwenyewe amelala wala hana khabari. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu hapa Tarbaj tumeulizwa suala ambalo huenda wengine wakaona si la masheikh bali ni la matabibu. Tumeulizwa: mtu akipimwa damu, akaambiwa kuwa chembe zake nyeupe zimezidi, je, maana yake ni nini? Ni kweli kwamba damu yake imegeuka maji? Ni kweli kwamba huyo ni wa kusomewa Yasin tu, dawa hana?

Nasi twajibu kwanza kwamba suala hili ni la dini pia. Jambo ambalo kwa kutolijua mtu humwua mwanawe, au hupoteza mali yake kwa waganga, au hukata tamaa na rehema za Mola wake, haliwezi kuwa nje ya dini. Na twakiri tena kwamba sisi wenyewe hatukulijua mpaka tulipofundishwa kwa namna iliyotutia haya, nayo tutaieleza, kwani mwenye kuwaonya watu asifiche kosa lake.

Katika msimu mmoja wa mvua alitujia msikitini baada ya swala ya alasiri mtu mmoja mfugaji, amembeba mwanawe wa umri kama wa miaka sita. Mtoto alikuwa na homa kali, na mguu wake mmoja hakuweza kuukanyagia. Baba alitoa karatasi mfukoni, akasema: “Sheikh, mtoto huyu tumempima damu. Watu wamenisomea karatasi hii kwenye mkahawa, wakaniambia chembe nyeupe zimekula damu nyekundu, na huo ni ugonjwa wa saratani usio na dawa. Nimemtoa hospitali. Nataka umsomee, afe mikononi mwa watu wake.”

Tuliitazama karatasi ile. Imeandikwa 21.4 na maneno ya kigeni ambayo hatukuyajua. Basi je, tulimwuliza baba yule ni nani aliyesema saratani, ni daktari au ni mnywa chai? Hatukumwuliza. Je, tulituma mtu kwa tabibu? Hatukutuma. Tulimsifu kwa subira yake, tukamsomea mtoto, tukaomba dua, na kesho yake tukafanya vivyo hivyo. Siku mbili zikapita, na mguu ukizidi kuvimba. Siku ya tatu alikuja kwenye darsa kijana mmoja mwalimu wa skuli, akaitazama karatasi ile, akasema kwa adabu: “Sheikh wangu, hapa pameandikwa hesabu tu. Hapakuandikwa saratani mahali popote.”

Mtoto alirudishwa hospitali siku ile ile. Likapatikana jipu kubwa ndani kabisa ya paja, lisiloonekana kwa nje. Likapasuliwa, ukatoka usaha mwingi, akapewa dawa katika mshipa. Baada ya siku kadha wa kadha damu ilipimwa tena, na ile 21.4 ikawa 9. Leo mtoto yu hai, Alhamdulillahi, na anachunga mbuzi wa baba yake. Lakini anachechemea, kwa kuwa uchafu ulikwisha kufika kwenye mfupa. Kila tumwonapo akipita mbele ya msikiti twakumbuka zile siku mbili, na twajua kwamba sehemu ya kuchechemea kule ni yetu.

Ndipo tulipoikumbuka ile Hadithi aliyoipokea Abu Daud kwa njia ya Jabir (r.a.), ambayo tuliisoma tukiwa vijana na tukaisomesha watu miaka mingi: kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayammamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari aliwakemea kemeo kali, akawaambia kuwa wao ndio waliomwua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Wale walifutu wasiyoyajua. Sisi tulinyamaza tusiyoyajua, na kunyamaza kwetu mtu alikufanya kuwa ni fatwa.

Baada ya hayo tuliwaendea watu wenye ilimu hiyo, tukauliza kama aulizavyo mwanafunzi. Na haya ndiyo tuliyofahamishwa.

Damu ya mwanadamu si maji mekundu. Ndani yake zimo chembe ndogo mno zisizoonekana ila kwa darubini. Zilizo nyingi ni nyekundu, ambazo kazi yake ni kuchukua hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Na pamoja nazo zimo chembe nyeupe, chache sana, kiasi cha moja katika kila mia kadha za nyekundu. Hizi ndizo askari. Kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi viingiapo mwilini. Zote zatoka katika uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ambao watu wetu wa mifugo waujua vizuri.

Kwa mtu mzima aliye na afya, katika tone dogo sana la damu, yaani kiasi cha milimita moja kwa urefu, upana na kimo, huwamo chembe nyeupe baina ya 4,000 na 11,000 hivi. Watoto huwa nazo zaidi kuliko wakubwa, na mtoto mchanga siku ya kuzaliwa huenda akawa nazo mara mbili au zaidi ya hizo na asiwe mgonjwa. Maabara nyingi hufupisha hesabu kwa kuondoa maelfu, kwa hiyo 9 maana yake ni elfu tisa, na ile 21.4 ya mtoto wetu ilikuwa elfu ishirini na moja na mia nne.

Basi kiini cha maradhi kikiingia, kwa mwiba au kwa jeraha au kwa pumzi, nyama iliyodhurika hupeleka ishara katika damu. Mara hiyo wale askari waliokuwa wameganda kando ya kuta za mishipa huachia na kwenda mbio, na uboho hufungua ghala yake na kuwatoa waliokuwa wakingoja. Kwa saa chache hesabu huongezeka. Wakifika mahali penye adui humzingira, humeza viini, na wengi wao hufa papo hapo. Ule usaha tuuonao katika jipu, tukauona ni uchafu wa kuchukiza, kwa sehemu kubwa ni maiti za askari hawa waliokufa wakimpigania mwenye mwili. Uboho wa mtu mzima, hata asipokuwa na ugonjwa wowote, hutengeneza kila siku chembe za aina hii zipatazo bilioni mia moja. Subhana-llah! Ni mfalme gani wa duniani aliye na jeshi la namna hii?

Mtaalamu mmoja aitwaye Elie Metchnikoff, katika mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma mwiba wa waridi katika mwili wa kiluwiluwi cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake ni angavu kama kioo. Asubuhi yake akatazama kwa darubini, akaona chembe zimekusanyika zimeuzunguka mwiba pande zote. Kwa utafiti uliotokana na jambo hilo alipewa tunzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Sisi watu wa Tarbaj twachomwa na miiba ya migunga tangu utotoni mwetu, tukaona nyama ikivimba na kuwa nyekundu, na hatukujiuliza kwa nini. Na hali Mola wetu, katika Sura ya Adh-Dhariyat, ametuhimiza tutazame dalili zake ndani ya nafsi zetu.

Na katika Sura ya Al-Muddaththir ametujulisha kuwa hapana ayajuaye majeshi yake ila Yeye. Hatusemi kwamba Aya hiyo iliteremshwa kwa ajili ya chembe za damu, kwani maneno yake yamekuja katika khabari ya Malaika walinzi wa Moto, na si halali kuivuta Aya mahali isipokusudiwa ili kuwastaajabisha watu. Twasema tu kwamba mwenye kuamini kuwa majeshi ya Mola wake hayana hesabu, haimwii vigumu kuamini kuwa mengine kayaweka chini ya ngozi yake.

Sasa, ndugu msomaji, fahamu vizuri jambo hili, maana ndipo watu wakosapo. Kuzidi kwa chembe nyeupe si ugonjwa wenyewe. Ni alama. Mfano wake ni vumbi lionekanalo mbali upande wa barabara ya El Wak. Mwenye akili akiliona hujua kuna kitu kinakuja. Lakini hasemi “ni lori”, wala hasemi “ni ngamia”, wala hasemi “ni kimbunga”, mpaka atazame. Kadhalika hesabu ikizidi, tabibu hujua mwili umo vitani au umeshtuka, kisha hutafuta sababu. Mara nyingi sababu ni viini: nimonia, jipu, kidonda kilichooza, uchafu katika njia ya mkojo, homa ya uti wa mgongo. Lakini hesabu huzidi pia kwa mwanamke mwenye mimba na aliye katika uchungu wa kuzaa, kwa aliyeungua moto, kwa aliyetoka damu nyingi, kwa mvutaji sigara, na kwa anayetumia baadhi ya dawa.

Na kweli iko saratani ya damu inayozidisha chembe nyeupe, hatuifichi. Lakini haijulikani kwa hesabu peke yake, sembuse kwa mkahawani. Hujulikana kwa kuzitazama chembe zenyewe kwa darubini, zikaonekana changa zisizokomaa, na kwa kupimwa uboho. Tena hata hiyo iko inayotibika, khasa kwa watoto wengi wakiwahi. Basi nani aliyempa mnywa chai haki ya kumhukumia mtoto wa mwenzake kifo?

Kuna na upande wa pili, nao kwa nchi yetu una khatari zaidi. Watu wakisikia kwamba hesabu huzidi kwa ugonjwa, hudhani kuwa isipozidi basi mtu ni mzima. Hapana! Yako maradhi ambayo chembe nyeupe hazizidi, bali hupungua. Homa ya matumbo huenda ikazipunguza. Homa itokanayo na maziwa mabichi ya ngamia na mbuzi, iitwayo bruselosi, mara nyingi haizizidishi. Malaria kwa kawaida haizizidishi, na hujulikana kwa kipimo chake khasa. Na wakumbuke wazee wetu ile malaria kali iliyozuka Wajir mwanzoni mwa mwaka 1998 baada ya mafuriko.

Na mbaya kuliko hizo ni kalazari. Ugonjwa huu ulizuka Wajir na Mandera katika miaka ya 2000 na 2001, na umerudi mara kwa mara baada ya hapo katika nchi hizi za kaskazini. Huletwa na kidudu kidogo mfano wa usubi, kinachopenda kukaa katika vichuguu na kuuma watu jioni na usiku. Mgonjwa hushikwa na homa ya wiki nyingi, hukonda, na bandama lake huvimba mpaka tumbo likajaa. Kiini chake kina hila kubwa: huishi ndani ya chembe zile zile zilizotumwa kukimeza. Adui ameingia katika ngome na kuvaa nguo za walinzi! Hapo hesabu ya chembe nyeupe huteremka, na nyekundu nazo hupungua. Na mwenye ugonjwa huu asipotibiwa, karibu daima hufa. Akitibiwa mapema, wengi hupona. Basi mtoto mwenye homa isiyokatika na tumbo lililovimba, msimchome kwa chuma cha moto tumboni, kama wafanyavyo wengi wetu. Mpelekeni apimwe kalazari.

Baada ya kuyajua hayo, yatupasa nini?

Kwanza, tusikimbie kupimwa. Wako wasemao kuwa damu yetu yauzwa. Kinachotolewa kwa kipimo hiki hakijai kijiko kidogo cha chai. Wako waulizao juu ya funga ya Ramadhani. Imethubutu katika Sahihi Bukhari kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa hali amefunga, na kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi kuumikwa hakufunguzi. Ikiwa kuumika, ambako damu yake ni nyingi zaidi, hakufunguzi, basi sindano ya kutolea damu haifunguzi. Na mwanamke apimwe na mwanamke akipatikana, na asipopatikana, haja ya matibabu yaruhusu mwanamume kwa kadiri ya haja. Mume asimzuilie mkewe mlangoni hali anawaka homa, akidhani kuwa huko ndiko kuilinda heshima yake.

Pili, karatasi ya kipimo irudi kwa aliyeitaka. Yeye ndiye amjuaye mgonjwa, aliyemsikiliza kifua na kumbonyeza tumbo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nahl tuwaulize wenye kujua tusipojua. Na asiyejua kusoma asione haya kumwambia tabibu: “Mwanangu, nifahamishe kwa lugha yangu, hesabu hii imezidi au imepungua, na wewe waona sababu yake ni nini?”

Tatu, tusinunue dawa dukani kwa kukisia. Mtu akisikia chembe zimezidi, hukimbilia duka akanunua vidonge vinne vya antibiotiki, akavimeza siku mbili, akaona nafuu akaacha. Dawa hizo haziui kila kiini. Mafua na homa nyingi za virusi hazizisikii kabisa. Na kila zitumiwapo ovyo, viini vinavyobakia ni vile sugu, hata siku mtoto atakaposhikwa na nimonia ya kweli, dawa isimfae. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara yake. Muuza duka na ajiangalie, na mnunuzi naye.

Nne, tuache hirizi, na kuchanjwa kwa waganga, na kuambiwa kuwa jicho la jirani ndilo lililoitia damu weupe. Ni fitina ngapi zimeingia baina ya jamaa kwa maneno hayo! Kusoma Qur'ani kwa ajili ya mgonjwa na kumwombea dua ni Sunna, nasi hatukuacha wala hatutaacha. Kosa letu kwa mtoto yule halikuwa kusoma. Kosa letu lilikuwa kukufanya kusoma kuwa ni badala ya kisu cha daktari, na hali Mtume (s.a.w.) aliomba dua na akaumikwa, akasoma na akaamrisha watu wajitibu.

Na asemaye kuwa yote ni kadari basi hapana haja ya dawa, twamwuliza: Ni mfugaji gani wa Tarbaj aachaye ngamia wake usiku bila kamba, akasema ametawakali? Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipopata khabari ya tauni huko Sham, alirudi Madina na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake. Maradhi ni kadari, na dawa ni kadari, na chembe nyeupe ambazo hukuziumba wewe ni kadari. Zenyewe zatangulia vitani kabla hujajua kuwa u mgonjwa. Je, ni haki askari wako wafe maelfu kwa maelfu kwa ajili yako, nawe ukae kitako husogezi hata mguu kwenda zahanati?

Ndugu zetu, mtoto mwenye homa akishindwa kunyonya au kunywa, au akapumua kwa kasi, au shingo ikakakamaa, au akapatwa na degedege, au akalegea asiamke vizuri, msingoje alfajiri, wala msingoje sheikh. Akija kwetu kwanza, tutamwombea dua tukiwa njiani naye, Inshaallah, wala hatutamweka tena msikitini siku mbili.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na tuliyoyanyamazia kwa kuona haya kuuliza. Waponye wagonjwa wetu, majumbani na malishoni. Wape matabibu wetu ilimu na huruma, na utupe sisi unyenyekevu wa kujifunza tukiwa watu wazima. Na umpe mtoto yule umri mrefu na nguvu katika mguu wake. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.